Kuibana prosesa kabla ya kulipa: programu ipi, kwa gharama gani

Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo, Luthuli Avenue au katikati ya Kampala zilikuwa za ofisi fulani Uingereza, au zimepitia Dubai kabla ya kufika kaunta. Zimefutwa vumbi kwa nje, zimewekwa Windows upya, na ukibonyeza kitufe zinawaka vizuri. Kuwaka peke yake hakukuambii kitu. Prosesa yenye kasoro, au yenye pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu yake, huonyesha tabia yake ikipewa kazi nzito dakika kumi au ishirini mfululizo, na muuzaji hana sababu ya kuipa kazi hiyo huku wewe umesimama pale.

Programu za kuibana prosesa namna hiyo zipo, tena nyingi ni za bure. Kwa hiyo hesabu ya gharama haianzi na bei ya leseni, inaanza na jibu unalolipata. Programu moja itakuambia mashine inachemka, nyingine itakuambia prosesa inakosea hesabu, na tofauti ya majibu hayo mawili ni kubwa mfukoni. Mashine inayochemka hutibika kwa kusafisha feni na kupaka pesti mpya. Prosesa inayokosea hesabu haina dawa kwa fundi. Kwenye kompyuta mpakato nyingi imelehemiwa kabisa, kwa hiyo kuibadilisha ni kubadilisha mazabodi nzima. Programu inayomfaa mnunuzi ni ile inayoweza kutenganisha matatizo hayo mawili kabla pesa haijatoka.

Ubovu wa aina tatu

Wa kwanza ni joto. Prosesa nyingi za Intel zimewekewa kikomo cha nyuzijoto 100. AMD Ryzen 7000 nyingi kikomo chake ni 95. Ikifika hapo prosesa haiungui. Hujipunguza kasi yenyewe, na joto likizidi kupanda huizima kompyuta. Mtumiaji huona mashine "nzito" bila kujua kwamba amelipia gigahezi 3 na anatumia moja na nusu.

Wa pili ni kukosea hesabu. Huu ni adimu kuliko wa kwanza, lakini ndio mbaya. Mwaka 2021 wahandisi wa Meta, kampuni yenye Facebook, walieleza kisa cha kiini kimoja cha prosesa kwenye seva zao. Kilipotakiwa kutoa sehemu nzima ya 1.1 kwa kipeo cha 53, kilitoa 0. Jibu sahihi ni 156. Hakikutoa onyo lolote. Programu ya kufungua mafaili yaliyobanwa ikaambiwa kwamba ukubwa wa faili ni sifuri, ikaliruka, na data zikapotea. Kipimajoto hakiwezi kukuonyesha ubovu wa namna hiyo. Unahitaji programu inayompa mtihani mwanafunzi huku yenyewe ikiwa na majibu mkononi.

Wa tatu hujificha mahali ambapo watu hawautafuti, yaani kwenye kazi nyepesi. Viini vyote vikifanya kazi, prosesa hushusha kasi na volteji ili isivuke mipaka ya umeme na joto. Kiini kimoja kikibaki kazini peke yake, hupandishwa kasi ya juu kabisa kwa volteji ya juu. Prosesa iliyochoka inaweza kustahimili saa nzima ya kazi nzito kisha ikazimika wakati umefungua kivinjari tu.

Pa kutazamia

Kabla ya kuchagua programu ya kuibana, chukua ya kutazamia. HWiNFO ya Martin Malík ni ya bure kwa matumizi binafsi na ina toleo lisilohitaji kusakinishwa, kwa hiyo inakaa kwenye flashi. Ukiifungua upande wa vipimo utaona orodha ndefu, lakini mistari minne inatosha: joto la kila kiini, kasi ya kila kiini, wati zinazoliwa na prosesa, na mstari wa kujipunguza kasi kwa sababu ya joto, unaosoma Yes au No. Chini kabisa kuna mstari wa makosa ya vifaa yanayoripotiwa na Windows, wenye herufi WHEA. Huo unatakiwa ubaki sifuri mwanzo hadi mwisho.

Bila dirisha hilo pembeni, programu yoyote ya kuibana ni kelele za feni tu.

Prime95: bure, na kali kuliko zote

Prime95 haikuandikwa kwa ajili ya mafundi wa kompyuta. Ilizaliwa na mradi wa GIMPS, ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996 kutafuta namba tasa kubwa za aina ya Mersenne kwa kutumia kompyuta za watu wa kujitolea duniani kote. Hesabu hizo huchukua siku nyingi, na kosa moja njiani huharibu jibu lote, ndiyo maana programu iliwekewa sehemu ya kuitesa mashine kwanza ili kujua kama inaaminika. Sehemu hiyo sasa inajulikana kuliko mradi wenyewe.

Ubora wake kwa mnunuzi ni kwamba inajua majibu. Inazidisha namba kubwa mno na kulinganisha matokeo na yale yaliyohakikiwa zamani. Ikikuta tofauti, husimamisha kazi ya kiini husika na kuandika kitu kama "FATAL ERROR: Rounding was 0.5, expected less than 0.4", kisha chini yake mstari wa kusema kifaa kina hitilafu. Ukiona maneno hayo kwenye mashine ambayo haijachezewa mipangilio, hakuna cha kujadili tena.

Ukiifungua, chagua kwamba unataka kupima tu, bila kujiunga na mradi. Utapewa aina kadhaa za mateso. Small FFTs hubaki ndani ya kumbukumbu ndogo za prosesa yenyewe na ndiyo inayopandisha joto zaidi. Large FFTs hutoka nje na kuibana njia ya kwenda kwenye RAM. Blend huchanganya. Mpangilio huu ni wa thamani kwa mnunuzi, kwa sababu kosa likitokea kwenye Small FFTs, wa kulaumiwa ni prosesa au umeme unaoilisha. Likitokea kwenye Blend tu, RAM nayo ni mtuhumiwa, na RAM ni kitu cha kubadilisha kwa bei ndogo.

Kasoro zake ni mbili. Haionyeshi joto, kwa hiyo bila HWiNFO unafanya kazi gizani. Pia mzigo wake ni mzito kuliko kazi yoyote utakayoifanya kwa mwaka mzima. Inatumia maelekezo ya AVX, yanayokula umeme sana, na kompyuta mpakato nyembamba isiyo na tatizo lolote inaweza kuonekana mbovu. Kuna visanduku vya kuzima AVX. Ukivizima, mzigo unakaribia zaidi kazi za kawaida.

Hata wakubwa wameshapitia mtihani wake. Mwanzoni mwa 2016 watumiaji wa Prime95 waligundua kwamba prosesa za Intel za kizazi cha sita, Skylake, zilikuwa zinaganda kwenye hesabu za aina fulani. Intel ikakiri, na marekebisho yakatolewa kupitia BIOS. Kizazi hicho ndicho kilichojaa kwenye masoko yetu ya mtumba leo, kwa hiyo kuangalia kama BIOS imesasishwa si kazi ya bure.

OCCT: bure kwa mtu binafsi, rahisi kusoma

OCCT, iliyotengenezwa Ufaransa, ndiyo ningemshauri mtu asiyetaka kuhangaika na madirisha mawili. Vipimo vya joto, kasi na wati viko humohumo, kwa kuwa imeazima injini ya HWiNFO. Michoro inajichora kadiri muda unavyokwenda, na makosa yanahesabiwa kwa kila kiini. Ikiandika kosa, unaona namba ya kiini kilichokosea. Pia unaweza kuiwekea kikomo cha joto ili isimame yenyewe.

Ina kipimo cha prosesa, cha RAM, cha kadi ya picha, na cha umeme kinachoibana prosesa na kadi ya picha kwa pamoja. Hicho cha mwisho ni kizuri kwa kompyuta ya mezani ya michezo yenye pawasaplai usiyoijua ilitoka wapi, ila kiache mwisho, kwa sababu pawasaplai dhaifu inaweza kufia hapo.

Gharama: toleo la mtu binafsi ni bure lakini limewekewa mipaka, na matumizi ya kibiashara yanahitaji leseni ya kulipia. Fundi anayepima mashine za wateja kwa malipo yuko upande wa kibiashara, hata kama duka lake ni meza moja.

AIDA64: ya kulipia, yenye siku 30 za kujaribu

AIDA64 ya FinalWire ya Hungary ni ya kulipia. Toleo la nyumbani, Extreme, ni la makumi ya dola. La mafundi, Engineer, ni ghali zaidi. Ina siku 30 za kujaribu bure, lakini katika kipindi hicho baadhi ya taarifa hufichwa.

Unacholipia hasa ni orodha kamili ya kila kifaa kilichomo ndani ya mashine, pamoja na ripoti safi ya kumpa mteja. Sehemu yake ya kubana ni sehemu moja tu kati ya nyingi. Ina visanduku vya kuchagua prosesa, FPU (sehemu ya prosesa ya hesabu za desimali), kumbukumbu ndogo, RAM, diski na kadi ya picha. Hapo watu wengi hudanganyika. Wakiacha visanduku vya kawaida vikiwa na tiki, joto hupanda kidogo, nao husema mashine ni nzima. Ukiacha FPU peke yake ndipo prosesa inapokamuliwa kweli. Faida nyingine ni mchoro wenye mstari mwekundu unaoonyesha prosesa imejipunguza kasi kwa asilimia ngapi. Hata asiyejua kompyuta anauelewa mstari huo.

Mnunuzi wa mashine moja hana sababu ya kuilipia. Na tahadhari: matoleo ya "crack" yanayogawiwa kwenye magrupu ni njia ya kawaida ya kuingiza virusi. Kuchukua hatari hiyo kwa kazi inayofanywa bure na Prime95 ni hasara tupu.

Cinebench: alama ya kulinganisha, haikagui hesabu

Cinebench ya Maxon ya Ujerumani huchora picha ngumu ya pande tatu na kutoa alama. Toleo R23 la mwaka 2020 huendelea kwa dakika kumi usipolibadilisha, na unaweza kuliweka dakika thelathini. Toleo la 2024 lililofuata ni zito zaidi. Yote ni bure, ila kupakua ni mamia ya megabaiti, wakati Prime95 ni megabaiti chache.

Uzuri wake ni ulinganisho. Alama za prosesa karibu zote zimechapishwa, kwa hiyo unajua mashine iliyo mbele yako inatakiwa kupata ngapi. Endesha mzunguko mmoja mashine ikiwa imepoa, kisha dakika kumi. Alama ikishuka sana kati ya mara ya kwanza na ya pili, upoozaji ni dhaifu. Kwa anayenunua mashine ya kuhariri video, habari hiyo ina maana zaidi kuliko mateso ya Prime95, kwa sababu inafanana na kazi yake.

Lakini Cinebench haikagui hesabu. Prosesa inaweza kukosea na picha ikatoka vilevile. Itumie kupima nguvu na joto. Usiitumie kutoa hati ya uzima.

y-cruncher, stress-ng na CoreCycler: za wenye shughuli maalumu

y-cruncher ya Alexander Yee hukokotoa pai. Ndiyo iliyotumika mwaka 2022 Emma Haruka Iwao wa Google alipofikisha tarakimu trilioni 100. Ndani yake kuna sehemu ya kubana inayogundua haraka udhaifu wa RAM na njia yake kwenda kwenye prosesa. Ni bure, lakini sura yake ni dirisha jeusi la maandishi, na itamkimbiza asiyeyazoea.

stress-ng ni ya Linux, ni bure, na msimbo wake uko wazi. Kwa anayenunua mashine nyingi kwa ajili ya shule au ofisi, hii ndiyo nafuu kuliko zote. Unawasha kila kompyuta kwa flashi ya Ubuntu iliyowekewa stress-ng, bila kugusa diski ya muuzaji, kisha unaandika amri moja: stress-ng --cpu 0 --verify -t 30m. Sifuri maana yake prosesa zote zitumike, --verify inaiambia ikague majibu yake, na 30m ni dakika thelathini. Mashine ishirini unaweza kuzipima kwa pamoja mchana mmoja bila kulipa leseni hata moja. Mashine zisizo na Windows nazo hupimwa hivyohivyo.

CoreCycler ni kwa ule ubovu wa tatu. Inaiendesha Prime95 kwenye kiini kimoja, ikimaliza inahamia kingine, ili kila kiini kipande hadi kasi yake ya juu kabisa. Wenye Ryzen waliopunguza volteji kwa mkono wanaihitaji. Inahitaji usiku kucha, kwa hiyo si ya kaunta.

CPU-Z nayo ina kitufe cha kuibana prosesa. Ni chepesi, kinafaa kupasha feni moto na kuona kama inazunguka. Usikipe kazi zaidi ya hiyo.

Mfano mmoja: EliteBook 840 G3

Tuichukue mashine iliyoenea: HP EliteBook 840 G3 yenye Core i5-6300U. Prosesa hiyo ina viini viwili, kasi ya msingi ya gigahezi 2.4, ya juu 3.0, na imebuniwa kwa wati 15.

Maongezi ya kaunta huwa hivi:

"Kaka, naomba niibane hii mashine dakika ishirini kabla hatujaongea bei."

"Boss, si utaniulia mashine?"

"Haifi. Ikichemka inajipunguza yenyewe. Wewe niwekee chaja yake tu."

Chaja ni ya lazima. Kwa betri peke yake mashine nyingi hujibana kasi, na utapima kitu kingine. Fungua HWiNFO, iache mashine itulie dakika tatu, soma joto. Kisha washa Small FFTs za Prime95 na utazame namba.

Ikiwa nzima, kasi itaanza karibu na 3.0, joto litapanda kwa sekunde kadhaa, halafu mambo yatatulia: wati karibu na 15, kasi ikizunguka karibu na ile ya msingi, joto likibaki chini ya kikomo kwa nafasi ya kutosha, na mstari wa kujipunguza kwa joto ukisoma No.

Ikiwa joto linaruka hadi tisini na kitu ndani ya sekunde tano za mwanzo, pesti imekauka au bamba la kupozea halijakaa sawasawa. Ikiwa linapanda polepole kwa dakika kumi hadi kikomo, feni imechoka au njia ya hewa imejaa vumbi. Hali zote mbili ni za kurekebishika, na ni hoja yako ya kupunguziwa bei.

Kuna hali ya tatu inayowachanganya wengi: joto liko sitini tu, lakini kasi imeshuka hadi chini ya gigahezi moja. Hapo joto halihusiki. Mara nyingi chaja ni dhaifu au mashine haiitambui, nayo inajizuia isile umeme mwingi. Omba chaja nyingine kabla hujaihukumu prosesa.

Baada ya dakika kumi za Small FFTs, badili uende Blend kwa dakika nyingine kumi. Bila kosa, bila WHEA, bila kujizima: prosesa imefaulu mtihani wa kaunta.

Zingatia pia hewa ya chumba. Joto la chumba likipanda nyuzi kumi, la prosesa nalo hupanda karibu kiasi hichohicho. Mashine iliyofaulu kwa nyuzijoto 85 ndani ya duka lenye kiyoyozi Nairobi inaweza kugonga kikomo ikifika Mombasa mwezi wa pili. Anayeishi pwani aache pengo kubwa zaidi.

Prosesa mpya nazo zipimwe

Mtu anayenunua kompyuta ya mezani ya michezo yenye Core i9-13900K au i9-14900K asidhani upya wa kizazi unamlinda. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikipelekewa volteji ya juu kupita kiasi, na baadhi zikadhoofika kwa muda. Dalili moja ilikuwa michezo iliyojengwa kwa Unreal Engine kufa ikidai kumbukumbu ya kadi ya picha imeisha, ilhali kadi ilikuwa na nafasi tele. Intel ilitoa marekebisho ya ndani ya prosesa kupitia BIOS, 0x129 mwezi Agosti na 0x12B mwezi Septemba, na ikaongeza miaka miwili kwenye waranti.

Marekebisho hayo huzuia udhaifu usitokee, lakini hayaiponyi prosesa iliyokwisha dhoofika. Kwa hiyo kwenye mtumba wa aina hii hatua ya kwanza ni kuangalia toleo la BIOS, ya pili ni OCCT kwa saa nzima, na ya tatu, muuzaji akikubali mashine ilale kwako, ni CoreCycler usiku kucha. Asipokubali, dai waranti ya maandishi.

Gharama zisizoandikwa kwenye bei

Umeme si tatizo. Kompyuta ya mezani inayokula wati 100 ikibanwa saa nzima imetumia sehemu moja ya kumi ya yuniti. Kwa bei ya TANESCO hiyo haifiki shilingi 100, na Kenya haifiki shilingi tano.

Bando ni gharama ya mara moja. Pakua nyumbani, kutoka tovuti za watengenezaji wenyewe, weka kwenye flashi, na utaitumia miaka.

Gharama halisi ni muda wako na uvumilivu wa muuzaji. Kwa hiyo muda upangwe kulingana na pesa. Mashine ya bei ya chini yenye waranti ya wiki mbili inastahili dakika ishirini dukani na saa nzima nyumbani siku hiyohiyo. Mashine ya kazi ya bei kubwa inastahili usiku mzima kabla waranti haijaisha.

Na umeme ukikatika katikati ya kipimo cha kompyuta ya mezani, kuzima huko si hitilafu ya prosesa. Anza upya.

Chagua hivi

Mnunuzi wa mashine moja: OCCT, au Prime95 pamoja na HWiNFO. Gharama sifuri.

Mhariri wa video au mchora ramani za majengo: ongeza Cinebench, ulinganishe alama na zilizochapishwa.

Shule, kanisa, msikiti au ofisi inayonunua kwa jumla: stress-ng kwenye flashi ya Ubuntu.

Fundi mwenye wateja: leseni ya OCCT ya kibiashara au AIDA64 Engineer. Ripoti iliyochapishwa humaliza ugomvi wa "ulivyoileta ilikuwa nzima".

Mpenzi wa michezo aliyebadilisha kasi au volteji kwa mkono: CoreCycler na y-cruncher, baada ya OCCT.

Uamuzi

Matokeo yakishatoka, yagawe kwa vitendo viwili. Joto ni la kujadili bei. Uliza fundi wa jirani anachukua ngapi kusafisha na kupaka pesti, toa kiasi hicho kwenye bei, kisha rudia kipimo kabla ya kulipa salio. Kosa la hesabu halijadiliwi hivyo. Rudisha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani, rudia Small FFTs mara moja, na kosa likitokea tena iache mashine hapo hata ukipunguziwa nusu bei. Muuzaji akikataa kabisa usipime chochote, muombe mashine nyingine ya aina ileile. Kwenye mtumba wa ofisi mara nyingi huwa amepokea kadhaa kwa mkupuo, na atakayekubali dakika ishirini zako hayuko mbali na duka lake.